Nyaya nne za moduli ya ignisheni, na njia ya tano isiyo na herufi

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Habari za kazi, fundi. Gari langu ni la kabureta, silinda nne, lenye distributa. Liligoma kuwaka, tukagundua moduli ya ignisheni imekufa. Tuliyopata ina pini nne zenye herufi B, C, W na G, lakini haikuja na soketi wala mchoro. Fundi umeme aliunga kwa kukisia, gari likawaka, na baada ya siku nne moduli ikafa. Anasema ni feki. Naomba unieleze nyaya zake zinaungwaje, na kama kweli ufeki ndio sababu."

Ndugu yangu, pole kwa hasara hiyo. Moduli feki zipo, sikatai. Lakini moduli ambayo imewasha gari, ikatembea siku nne, halafu ikafa, mimi huwa naishuku mwisho kabisa. Kwanza nashuku mahali ilipofungwa, kisha koili iliyounganishwa nayo, yaani kifaa kinachokuza umeme wa betri hadi utoe cheche kwenye plagi. Nikikueleza umeme unavyopita utaona mwenyewe kwa nini.

Moduli ni swichi tu. Zamani kazi yake ilifanywa na platini, vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa, kile kifaa kinachozungushwa na injini na kugawa cheche kwa kila silinda. Platini zilikuwa zinaungua na kuchakaa, na kila baada ya muda ilibidi uzipige msasa na kuzipima nafasi yake upya. Viwanda vikaweka transista, swichi ya kielektroniki isiyo na vipande vya kugusana, mahali pa platini. Chrysler iliifanya ignisheni ya elektroniki kuwa ya kawaida kwenye magari yake ya Marekani ya mwaka 1973, na GM (General Motors) ikafuata na ya kwake kwenye magari ya 1975. Hizo herufi nne kwenye moduli yako zinatokana na muundo huo wa GM, ambao hadi leo unatengenezwa kwa wingi na kufungwa kwenye magari ya kila aina.

Jambo la kushika kabla hujagusa waya wowote ni hili: swichi hii haikai upande wa chanya. Inakaa upande wa hasi. Ukiwasha ufunguo, koili inapata moto, yaani umeme wa chanya ya betri, kwenye terminali yake ya chanya muda wote. Kinachofanywa na moduli ni kuifungulia koili njia ya kurudi kwenye hasi ya betri, kisha kuikata njia hiyo ghafla. Njia ikiwa wazi kwa milisekunde chache, umeme unapanda ndani ya koili na kujenga nguvu ya sumaku. Njia ikikatwa, sumaku ile inaporomoka, na volti upande wa msingi wa koili zinaruka hadi 300 au 400, huku upande wa pili, ule unaokwenda kwenye plagi, ukipata volti 20,000 na zaidi. Cheche kwenye plagi hutokea wakati swichi inapoachia.

Kwa hiyo ufuate umeme kwa kidole: unatoka chanya ya betri, unapita swichi ya ufunguo, unaingia chanya ya koili, unatoka hasi ya koili, unaingia moduli kwenye C, unapita kwenye transista, halafu unatokea wapi? Hapo ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu wakihesabu herufi nne hawaoni hata moja iliyoandikwa ethi, yaani njia ya kurudi hasi ya betri kupitia chuma cha gari. Unatokea chini. Ukiigeuza moduli yako utaona kitako cha bati na matundu mawili ya skrubu yenye pete za chuma. Hicho kitako na hizo pete ndiyo njia ya tano. Haina herufi, haina waya, na kwa miaka yangu ya kazi hii ndiyo iliyoua moduli nyingi kuliko kitu kingine chochote. Nitairudia, maana nadhani ndiko shida yako iliko.

Tuanze na B. Hii ndiyo inayolisha moduli yenyewe ili iamke. Inataka volti kamili za betri ufunguo ukiwa umewashwa, na izipate tena wakati starta inazunguka. Chukua moto wake pale pale inapochukulia chanya ya koili, yaani waya mmoja ufike kwenye chanya ya koili, na kutoka hapo tawi fupi liende B. Kama gari lilikuwa la platini zamani, tazama kama kwenye waya huo kuna rezista, kwa kawaida kipande cheupe cha kauri kilichofungwa karibu na koili, au waya maalumu wenye ukinzani uliofichwa ndani ya fungu la nyaya. Ilikuwepo kupunguza umeme wa platini. Moduli hii haiihitaji. Ikiachwa, B inapata volti 8 au 9 na cheche inadhoofika.

Kuna kosa la B ninaloliona mara kwa mara, na dalili yake ukiijua huisahau. Unapiga starta, injini inazunguka bila kushika, unazungusha hadi betri inachoka. Kisha unaachia ufunguo, na sekunde ile ile unapoachia, injini inakohoa mara moja kama inataka kuwaka. Maana yake fundi alichukua moto kwenye waya wa redio au wa vifaa vya ndani, ambao swichi huukata starta inapofanya kazi. Unapozungusha hakuna moto, unapoachia moto unarudi wakati injini bado ina mwendo kidogo, ndiyo maana inakohoa. Weka mita kwenye B, mtu azungushe starta, usome. Ikishuka hadi sifuri umeshapata jibu. Ikikaa volti 9 na nusu hadi 11 ni sawa, kwa sababu starta inavuta umeme mwingi.

Kama swichi ya ufunguo ni ya zamani na imechoka, usiibebeshe mzigo wote. Weka rilei, swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Kwa namba zilizoandikwa kwenye pini zake: waya wa zamani wa ignisheni uende 86, 85 iende ethi, 30 ipate moto wa betri kupitia fyuzi ya ampea 15, na 87 ilishe koili pamoja na B. Hakikisha tu kwamba waya huo wa 86 wenyewe una moto wakati wa kuzungusha.

C inakwenda hasi ya koili, na hapo hapo ndipo waya wa mita ya mizunguko ya injini unapoungwa, kama gari linayo. Usiunge C kwenye waya wa moto moja kwa moja kwa kudhani nayo inahitaji kulishwa. Ukifanya hivyo, transista ikifunguka itakutana na betri nzima bila koili katikati, na haitamaliza dakika.

Huo waya wa mita ya mizunguko uuheshimu. Niliwahi kuletewa gari ambalo tayari lilikuwa limebadilishwa moduli mara tatu kwenye gereji nyingine, na bado halikuwa na cheche hata kidogo. Nikaishika koili, ilikuwa ya moto kiasi cha kukataa mkono, na injini ilikuwa haijawaka tangu asubuhi. Koili haiwezi kuunguza namna hiyo bila umeme kupita ndani yake mfululizo, na moduli injini isipozunguka hufunga njia. Basi umeme ulikuwa unapita pengine. Nikachomoa waya wa mita ya mizunguko kwenye hasi ya koili, nikapiga starta, likawaka papo hapo. Waya ulikuwa umesuguana na ukingo wa bati pale unapopenya kuingia kwenye dashibodi. Plastiki ilikuwa imelika upande mmoja tu, sehemu ndogo kama punje ya mchele, na shaba imegusa bodi. Koili ilikuwa imefunguliwa njia ya ethi saa zote, na hakuna wa kuikata. Tangu siku hiyo, gari lisilo na cheche huwa nachomoa waya huo kabla ya kufungua kitu kingine chochote.

W na G zinatoka kwenye koili ndogo ya ishara iliyomo ndani ya distributa. Hapa hakuna moto wa betri. Kuna sumaku, koili nyembamba, na kigurudumu chenye meno kinachozunguka na shafti. Kila jino likipita, koili inatoa wimbi dogo la umeme linaloiambia moduli: kata sasa. Pima nyaya hizo mbili zikiwa zimechomolewa. Kwa distributa za GM ukinzani unakuwa kati ya omu 500 na 1,500. Distributa za watengenezaji wengine zina kiwango chao, nyingine ni omu mia na kitu tu, na zinafanya kazi vizuri. Ukikuta haisomi kabisa, waya umekatika. Pima pia kila waya dhidi ya chuma cha distributa, hapo lazima isisome kitu.

Lakini usiridhike na kipimo kimoja. Nyaya hizi mbili hupinda kila mara sahani ya distributa inaposogezwa na mvuto wa hewa wa injini, na baada ya miaka shaba hukatika ndani ya plastiki bila kuonekana nje. Acha mita ikiwa imeunganishwa, kisha sogeza sahani kwa kidole, mwendo wake wote, taratibu. Namba ikirukaruka umepata kile kinachofanya gari likose nguvu mlimani na kutulia barabara ikinyooka.

Fundi wako alikisia, kwa hiyo kuna nusu kwa nusu kwamba W na G zimegeuzwa. Ubaya ni kwamba gari linaweza kuwaka zikiwa zimegeuzwa. Wimbi la koili ya ishara lina upande mmoja unaoshuka ghafla na mwingine unaopanda polepole. Moduli imetengenezwa isome ule wa ghafla, kwa sababu unaangukia mahali pale pale kila mara. Ukigeuza nyaya inasoma ule wa polepole, na wakati wa cheche unahama tena unayumba. Chukua taa ya taimingi, ile inayomulika kila cheche inapotoka, elekeza kwenye alama za puli. Alama ikisogea kwa mpangilio bila kuyumba unapokanyaga mafuta, nyaya ziko sawa. Ikicheza huku na huku, zigeuze, kisha weka taimingi upya, maana itakuwa imehama. Zipitishe nyaya hizi mbili zikiwa zimesokotwa pamoja na mbali na nyaya za plagi, zisije zikaokota kelele za umeme.

Na kama kutoka kwenye distributa yako zinatoka nyaya tatu badala ya mbili, simama hapo. Hiyo mara nyingi ni sensa ya Hall, aina nyingine ya sensa ya ishara inayohitaji kulishwa umeme: waya mmoja wa kulisha, mmoja wa ethi, mmoja wa ishara. Moduli ya W na G si ya sensa hiyo, na hakuna namna ya kuziunga zikaelewana zenyewe.

Sasa turudi kwenye njia ya tano. Tuchukue koili ya kisasa yenye ukinzani wa nusu omu. Kwa betri ya volti 12, ikifunguliwa njia bila kizuizi, ingevuta ampea 24. Moduli haikubali hilo, inabana umeme usizidi kama ampea 6 hivi. Lakini kubana huko kunafanywa na transista ile ile kwa kujigeuza kuwa kizuizi. Ampea 6 kwenye nusu omu zinakula volti 3 tu kwenye koili. Volti 9 zilizobaki zinaliwa ndani ya moduli. Tisa mara sita ni wati 54. Ni kwa sehemu fupi ya kila mzunguko, lakini joto ni joto, na lina mlango mmoja tu wa kutokea: kitako cha bati.

Kwa hiyo kitako kina kazi mbili kwa pamoja, kupitisha umeme kwenda ethi na kupitisha joto kwenda kwenye chuma. Ukifunga moduli juu ya rangi, au kutu, au kwenye kipande cha plastiki kwa sababu pale palikuwa na nafasi, umeziba vyote viwili. Gari litawaka vizuri likiwa baridi. Likishika joto litaanza kumisi (kurukaruka cheche), litazima, utalisukuma pembeni, baada ya nusu saa litawaka tena kama halijawahi kuumwa. Baada ya siku kadhaa za hivyo, moduli inakufa kabisa. Nadhani unaitambua hadithi hiyo.

Dawa yake ni hii. Kwangua mahali inapokaa hadi chuma kiwe cheupe na bapa. Kama haikai ndani ya distributa, ifunge kwenye bamba nene la alumini, milimita 5 hivi, mbali na bomba la moshi, mahali penye hewa. Paka grisi nyeupe ya kupitisha joto, tabaka jembamba la kuziba vinyweleo vya chuma. Usipake grisi ya fani, hiyo haipitishi joto inavyotakiwa. Kaza skrubu zote mbili, moja haitoshi. Halafu ongeza waya wa ethi wa milimita mraba 2.5 kutoka kwenye skrubu moja hadi kwenye injini, na hakikisha injini nayo ina waya mnene unaorudi hasi ya betri. Kwa distributa iliyokaa juu ya mpira au gasketi, mafuta na uchafu hukusanyika shingoni, na ethi yake huwa ya kubahatisha. Waya huo mmoja umeniokolea saa nyingi.

Upime hivi: weka mita kwenye volti za betri, ncha nyekundu kwenye kitako cha moduli, nyeusi kwenye hasi ya betri yenyewe, si kwenye bodi. Mtu apige starta. Ukisoma chini ya volti 0.2 umefanya kazi nzuri. Ukisoma nusu volti au zaidi, kuna mahali umeme unahangaika kurudi, utafute. Kupima kwa omu hapa hakusaidii sana, kwa sababu uzi mmoja wa shaba uliobaki utasoma sifuri na bado utashindwa kupitisha ampea 6.

Koili nayo uiangalie. Koili ya zamani ya platini ina omu 3 hivi upande wa msingi. Kwa moduli hii haitaua kitu, ila cheche itakuwa dhaifu injini ikizunguka kwa kasi. Hatari ni koili ambayo nyuzi zake za ndani zimeshikana, inasoma karibu na sifuri, na kuilazimisha moduli ibane muda wote. Ilinganishe na kipimo kilichotolewa kwa aina hiyo ya koili. Kisha pima chaji ya gari: injini ikinguruma betri iwe kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikifika 15 na zaidi, altaneta inapika vifaa vyote vya elektroniki, na moduli hutangulia.

Kuna tabia moja naomba uikomeshe kwenye gari lako, hata kama fundi ni mzoefu: kuchomoa waya wa plagi injini ikizunguka ili kuona kama kuna cheche, na kuuacha unaning'inia. Zile volti maelfu zisipopata pa kurukia zinarudi zilikotoka, na mlango wa karibu ni transista. Chukua plagi ya akiba, ichomeke kwenye waya, ibane mwili wake kwenye chuma cha injini, ndipo upige starta.

Nyaya zenyewe usisokote na kufunga utepe. Karibu na injini gundi ya utepe huyeyuka na kuachia. Tumia terminali za kubana, na mpira wa kusinyaa kwa moto juu yake.

Wengine wataniuliza kuhusu magari ya kompyuta, niseme kwa kifupi. Kanuni ya koili haibadiliki. Kinachobadilika ni nani anaamuru. Kwenye moduli za GM za pini saba, pini tatu za ziada zinakwenda kwenye kompyuta: moja ya kuipelekea mwendo wa injini, moja ya kupokea amri ya cheche, na moja ambayo kompyuta huiwekea volti 5 kusema "sasa naongoza mimi". Wakati wa kuzungusha starta volti 5 hizo hazipo, na moduli inajiongoza yenyewe. Toyota nyingi zina waya wa amri unaoitwa IGT na waya wa majibu unaoitwa IGF, ambao kwa huo moduli inathibitisha kuwa koili imekata kweli. Majibu yasipofika, kompyuta hufunga mafuta. Kwa hiyo ukiona Toyota inawaka sekunde moja na kuzima, usikimbilie pampu ya mafuta kabla hujapima IGF.

Kwa gari lako, kabla hujanunua moduli nyingine, fanya vipimo ambavyo havihitaji moduli: omu za koili ya ishara huku ukisogeza sahani, omu za koili kubwa, volti za waya wa B wakati wa kuzungusha, ethi ya mahali moduli itakapokaa, na chaji. Kipimo cha chaji kitasubiri gari liwake, usikisahau. Moduli ikishafungwa, washa ufunguo bila kuzungusha: B na C zote zisome volti za betri. C ikisoma sifuri, au koili imekatika ndani, au kuna kitu kimeigusa ethi. Kisha unga taa ya kupimia ya balbu kati ya chanya ya betri na C, upige starta. Ikimetameta, moduli inafungua na kukata, na kama bado hakuna cheche tatizo liko mbele yake: koili, rota au kifuniko cha distributa, au nyaya za plagi.

Likiwaka, liache lingurume dakika 20 hadi lipate joto lake kamili. Rudia kipimo cha kitako wakati huo huo likinguruma, namba isiwe imepanda, kisha zima na uguse lile bamba la alumini. Likiwa la uvuguvugu, joto linatoka. Moduli ikiwa inaunguza na bamba ni baridi, ifungue, pale chini bado hapajagusana.